Mashine Iliyopelekwa Kwenye Baridi

Muyisa wa Beni aliamini kitu chenye skrubu kuliko kitu chenye mdomo. Kitu chenye skrubu, alisema, ukikifungua kinakuonyesha ugonjwa wake. Mtu akifungua mdomo anakuonyesha kile anachotaka ukione. Majirani walimcheka kwa maneno hayo, lakini redio zao zilipokufa walimpelekea yeye, si fundi mwingine.

Sebuleni kwake kulikuwa na kompyuta ya mezani iliyotoka Dubai katika mizigo ya mfanyabiashara mmoja. Marie-Jeanne, mkewe, aliifunika kitambaa cheupe cha kufumwa, kama watu wa heshima wanavyofunika redio na televisheni zao. Muyisa aliitumia kuchapa barua za parokia na kazi za wanafunzi wa chuo. Nyumba haikuwa na kitu kingine cha maana, isipokuwa watoto wawili: Cyrille, aliyekuwa seminari ndogo, na Bénie, wa miaka saba.

Bénie alikuwa na kifafa. Nalitaja neno hili mapema kwa sababu ndani ya nyumba ile halikutajwa kamwe. Walisema "ile homa." Tangu alipofikisha miaka minne alikunywa kidonge kimoja cheupe kila jioni, na akikinywa hakuanguka. Siri hiyo waliijua watu watano tu: wazazi, nesi mmoja, babu wa mtoto, na Anne-Marie, dada mkubwa wa Muyisa aliyekuwa Butembo.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2002, Marie-Jeanne alimchukua Bénie akaenda naye kwa wazazi wake, upande wa barabara ya Mambasa, kusaidia mavuno ya mpunga. Vita vikawakuta huko. Kabla ya kukimbia, Marie-Jeanne alihesabu vidonge thelathini, akavifunga katika kitambaa, akakikaza kiunoni mwa mtoto. Akamwambia: "Tukipotezana, kila magaribi kimoja. Paka kimoja tu." Wakapotezana kweli, tarehe tatu mwezi wa kwanza, kwenye daraja la miti, risasi zilipolia nyuma yao na watu wote wakataka kuvuka kwa pamoja. Marie-Jeanne alifika Beni na kiatu kimoja na mkono mtupu.

Wiki mbili alizunguka kambi za wakimbizi. Halafu ikaja habari. Kule Oicha kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu aitwaye Octave, mtu wa Kasaï aliyeletwa na serikali zamani, kisha vita vikamfungia njia ya kurudi kwao. Huyo aliwaokota watoto waliopotezana na wazazi, akawagawia familia alizoziamini, kuanzia Beni mpaka Luofu. Hakuwaacha kambini, kwa sababu wenye bunduki walikuwa wakipita kambini kuchagua watoto wa kubeba silaha na wasichana wa kupika. Akatuma mtu: mwambieni mama wa Bénie mtoto wake amepata mama wa kumtunza, aje nimwonyeshe mahali.

Muyisa na Marie-Jeanne walipofika Oicha, Octave alikuwa ameshazikwa. Malaria ilimpanda kichwani, ikammaliza kwa siku mbili. Mjane wake, Élise, aliwapa disketi.

"Iko yote humu ndani," Élise alisema. "Batoto makumi ine na tatu. Makaratasi alichomaka, alikuwa anaogopa basoda na bunduki zabo. Na hii alifunga na neno la siri, hakuniambia hata mimi."

"Hata kidogo hujui?" Muyisa aliuliza.

"Najua paka kitu kimoja tu. Alikuwa anagonga mara munane, kisha ile kubwa ya pembeni. Nilikuwa nahesabu, juu makelele ilikuwa inanichokesha."

Mara nane. Muyisa alirudi Beni akizibeba herufi nane kifuani kama mtu aliyepewa ufunguo. Katika CD zake za programu alikuwa na moja inayojaribu maneno ya siri: aaaaaaaa, kisha aaaaaaab, na kuendelea, mamilioni na mamilioni, bila kuchoka, na ukiizima inakumbuka ilipofikia. Akapiga hesabu. Kwa mwendo wa mashine yake, kupitia maneno yote ya herufi nane kungechukua takriban saa sitini. Umeme waliupata kwenye jenereta ya jirani, saa tatu kwa siku. Hiyo ilikuwa siku ishirini. Kiunoni mwa mtoto, kama alitii mama yake, vilibaki vidonge kumi na vitano.

Nesi alikuwa amewaambia wazi tangu mwanzo: dawa hii haikatwi ghafla. Ikikatwa ghafla, mtoto huanguka mara nyingi mfululizo, na kuanguka kwa namna hiyo huua.

Basi Muyisa akafanya jambo ambalo alikuwa amelisoma tu kwenye gazeti la Kifaransa la mafundi. Moyo wa kompyuta yake, kile kipande kinachopiga hesabu, ulipimwa kukimbia megahezi mia tatu. Lakini kwenye ubao wake wa ndani kuna kidaraja cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele, wenyewe wanakiita kavalie. Ukikihamisha pini moja, moyo ule ule unakimbia mia nne na hamsini. Kiwandani hawakuruhusu, ila hawakukataza kwa nguvu. Saa sitini zingekuwa arobaini. Tatizo ni joto. Moyo ukikimbia hivyo unachemka, na ukichemka mashine inaganda kama mtu aliyeona simba.

Alihamisha kavalie. Mashine ikakimbia kwa dakika ishirini, ikaganda. Akang'oa kile kipande cha chuma chenye mbavu kinachokaa juu ya moyo ili kutoa joto, akakisugua, akapaka dawa ya meno katikati ili vishikane vizuri, maana dawa ya mafundi haikupatikana popote Beni. Dakika thelathini, ikaganda. Akafungua ubavu wa mashine, akaongeza feni aliyoichomoa kwenye mashine iliyokufa, akatundika shuka mbichi dirishani ili upepo uingie umepoa. Dakika arobaini, ikaganda. Chini ya mabati ya Beni, mchana, hewa ni ya moto, na hewa ya moto hata ukiipuliza kwa feni kumi inabaki kuwa hewa ya moto.

Siku tatu zilipotea hivyo. Vilibaki vidonge kumi na viwili.

Ndipo akili ikamjia: Butembo! Butembo iko juu mlimani. Kule watu wanavaa makoti saa sita mchana na ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Na dada yake Anne-Marie alikaa mtaa wa Vulamba, ukuta kwa ukuta na kinu cha Zorobabel, kinachosaga mihogo kwa mota ya mazutu, yaani dizeli. Mota ile ilikuwa na dinamo. Umeme wa mchana kutwa na baridi ya bure. Alicheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Marie-Jeanne hakucheka.

"Papa Cyrille," alimwambia, "niache nizunguke ku masoko. Beni, Butembo, kote. Nitauliza kila mama: umeona mutoto wa kike, anaangukaka, eko na vidonge kiunoni? Mutu moja tu atajua."

"Utauliza mbele ya nani? Mbele ya bale banatafuta batoto? Octave alificha liste juu ya nini?"

"Nitauliza pole pole. Ba mama banajuaka kuuliza."

"Na ukisema anaangukaka, kesho muji muzima utajua. Cyrille akitoka seminari ataoa wapi? Batoto ya Anne-Marie bataolewa na nani?"

"Mi nataka mutoto. Sijaomba arusi."

"Siku sita tu, mama. Machine itatuambia nyumba, itatuambia avenue. Kuuliza ni kuhangaika."

Alimkatalia. Alikuwa mume, alikuwa fundi, na alikuwa na hesabu kwenye karatasi. Marie-Jeanne alibaki Beni akizunguka kambini kwa macho tu, mdomo umefungwa, kama alivyoagizwa.

Muyisa aliifunga kompyuta ndani ya godoro, akapanda lori la mapipa ya mafuta ya mawese. Kwenye kizuizi cha askari, kijana mmoja mwenye bunduki alikwaruza godoro kwa kidole. "Papa, oyo nini?"

"Ordinateur, chef. Iko mugonjwa. Naipeleka ku baridi."

Askari alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. Akawaita wenzake waje kuona mzee anayepeleka mashine kupunga upepo. Kwa kicheko hicho Muyisa alipita, akaacha sweta yake tu.

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, alikuwa ameshaipanga mashine kwa Anne-Marie, kwenye dirisha linalotazama bonde na kapela, kanisa dogo la ng'ambo ya kijito. Aliisimamisha juu ya matofali mawili, ubavu wazi, feni moja ikivuta baridi ndani na nyingine ikitoa joto nje. Akapaka dawa ya meno mpya. Akahamisha kavalie. Zorobabel, mzee mwenye nyusi nyeupe za unga, akawasha mota. Taa ya mashine ikawaka, na maneno yakaanza kupita kwenye kioo kwa mwendo ambao jicho haliwezi kuufuata. Baada ya saa nzima Muyisa aligusa zile mbavu za chuma. Zilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Akampigia Mungu magoti palepale, kati ya nyaya.

Shida ya pili ikajileta yenyewe. Mazutu ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, na Zorobabel aliwasha mota pale tu mihogo ilipotosha. Kwa kawaida ilitosha kwa saa mbili, basi, anazima, anakung'uta kofia, anaenda kulala.

"Siwezi kuchoma mazutu juu ya kuangalia televisheni yako," alisema, bila ubaya.

Anne-Marie ndiye aliyelitatua, maana wanawake wa Vulamba ni jeshi ukijua kuliita. Alipita mlango kwa mlango. Msilete mihogo yote asubuhi, aliwaambia. Leteni beseni moja saa tatu, lingine saa sita, lingine saa tisa, mstari usikatike. Na wao wakaleta. Mstari ulizunguka kinu, ukapita karibu na dirisha la Anne-Marie mpaka barabarani, wanawake wenye watoto mgongoni na mabeseni kichwani, wakipokezana zamu kama katika salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Mihogo ilipoelekea kwisha, wengine walirudisha unga wa jana upite tena. Bugali ya Vulamba wiki ile ilikuwa laini kuliko ya askofu.

Bila shaka waliuliza. Mtu hawezi kusimama kwenye mstari siku nzima bila kujua anasimamia nini.

"Ile machine inatafuta nini, mama?"

"Makaratasi ya paroisse," Anne-Marie alijibu. "Imepotea mu vita."

Walikuwa wamekubaliana hivyo, yeye na kaka yake, kwa sauti ya chini, usiku uliotangulia. Kumtaja mtoto aliyepotea kungeleta swali la alama zake, na alama yake kubwa ilikuwa ndiyo ile isiyotajwa. Anne-Marie alikuwa na mabinti watatu. Kila mtu anaijua methali ya mficha maradhi, tena anaisema vizuri sana kuhusu jirani. Sitairudia hapa.

Ijumaa mashine ilikwenda kwa saa saba. Jumamosi saa tano. Jumapili haikwenda hata dakika moja, kwa sababu Zorobabel hakuwasha mota siku ya Bwana, vita au si vita. Muyisa alikaa misani bila kusikia neno, vidole vyake vikihesabu: vidonge saba, bila cha leo sita. Alimwona Bénie katika nyumba asiyoijua, akifungua kitambaa jioni, akitoa kimoja, akifunga tena. Mtoto mtiifu. Alishikilia utii huo kama mtu anavyoshikilia nguzo.

Jumatatu, kiasi cha saa sita, mbingu ya Butembo ikawa nyeusi. Muyisa alikuwa kinuni akimsaidia Zorobabel kumimina mabeseni, mota ikilia. Mvua ya mawe ikaanguka, na radi juu yake, radi ya kupasua mlima. Kila nyumba ya Vulamba ikafanya yale ambayo nyumba za huko hufanya tangu mababu: milango ikafungwa, vioo vikafunikwa, kila kitu kinachong'aa kikafichwa ili radi isikione, na watu wakakaa kimya. Anne-Marie alifunika kioo cha ukutani. Alifunika masufuria. Kisha akaitazama mashine ya kaka yake, imeachwa wazi tumbo nje, inawaka na kumetameta, dirisha liko wazi na umeme wa mbinguni unaruka bondeni. Alifanya alichofundishwa na mama yake. Alifunga dirisha, akachukua blanketi zito la sufu, akaifunika mashine yote, akaikazia pande zote kama mtoto mwenye homa.

Muyisa alirudi baada ya nusu saa, amelowa chapachapa. Harufu ilimpokea mlangoni. Aliling'oa blanketi. Nyuzi za sufu zilikuwa zimenyonywa na feni, zimezunguka mpaka zikaivunja ubawa. Dawa ya meno ilikuwa imekauka ikawa chokaa. Kioo kilikuwa kimeganda kwenye neno moja lisilo na maana.

"Unaniulia mutoto!" alipiga kelele. "Anne-Marie, unaniulia mutoto!"

"Ilikuwa radi," dada yake alisema. "Muyisa, ilikuwa radi. Ulitaka niiache vile?" Akaketi chini akalia, mikono juu ya kichwa.

Nje, wanawake waliokuwa wamejibanza chini ya mabati ya kinu walisikia sauti, wakatazamana. Mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa. Anne-Marie alifuta macho, akatoka, akasema hapana, ni ile kazi ya paroisse imeharibika kidogo.

Jumanne nzima haikuzaa kitu. Muyisa alipita mji kwa miguu, kutoka Vulamba hadi Bulengera na kurudi, akitafuta feni. Aliipata mwishowe ndani ya mashine ya fotokopi iliyokufa, kwa karani mmoja aliyemwonea huruma. Ilikuwa kubwa mno. Aliifunga kwa waya na vipande vya kandambili. Akakwangua chokaa, akapaka dawa ya meno mara ya tatu, kwa haraka hata akajipaka usoni. Moyo wa mashine haukuwa umeungua. Na programu ilikuwa imekumbuka ilipofikia, Jumatatu kabla ya saa sita kidogo. Alihisi Mungu amemrudishia kitu ambacho hakustahili.

Jumatano mstari wa mabeseni ulirudi, na mashine ikakimbia saa saba bila kukohoa. Muyisa hakula. Alikaa kiganja chake kikiwa karibu na zile mbavu za chuma, akipima joto kama anavyopimwa mtoto paji la uso.

Alhamisi, saa saba na robo mchana, kioo kilisimama.

Alidhani imeganda tena. Halafu akaona neno. Herufi nane, jina la mahali fulani huko Kasaï, labda kijiji alikozaliwa mwalimu. Muyisa aliligonga kwa kidole kimoja, akakosea, akarudia. Orodha ikafunguka, majina arobaini na matatu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio safi wa mtu wa hesabu. Kwenye mstari wa kumi na tisa: Bénie, miaka saba, anakunywa dawa kila jioni, jina la dawa halijulikani. Kwa Mama Lusenge, Butembo, Vulamba, ng'ambo ya kijito, nyuma ya kapela.

Vulamba. Alisoma mara tatu. Kapela ile aliiona kila asubuhi akifungua dirisha ili mashine ipate baridi.

Alitoa ukelele ambao hata yeye hakuujua. Nje wanawake waliusikia, wakajua kazi imefaulu, wakapiga vigelegele, mabeseni yakagongwa kama ngoma. Anne-Marie alimkumbatia. "Vidonge ngapi?" alinong'ona. "Vitatu," Muyisa alisema. "Bado vitatu!" Alikuwa ameshanunua vingine thelathini kwenye duka la dawa, vilikuwa mfukoni tangu wiki iliyopita. Akatoka anakimbia, akapita ubavuni mwa mstari, wanawake wakimpigia makofi.

Kuvuka kijito ni dakika kumi na mbili kwa mtu mwenye miaka yake. Nyuma ya kapela kulikuwa na nyumba ya udongo yenye ua uliofagiliwa. Uani wanawake watatu walikaa juu ya mkeka, na mbele yao moto ulikuwa ukiwaka, gogo moja tu, mchana mweupe. Muyisa alipunguza mwendo. Moto wa uani mchana, na watu wamekaa chini bila kazi mikononi: mtu wa Butembo haulizi hiyo ni nini.

Akajiambia kuna mzee aliyekufa. Akajiambia hivyo mpaka alipofika mkekani.

Mwanamke wa katikati aliinua uso. Alikuwa kijana bado, mwenye macho mekundu. "Karibu, papa," alisema, kisha akashangaa. "Si ni weye papa wa machine? Ya pale kwa Zorobabel?"

"Natafuta Mama Lusenge."

"Njo mimi," alisema, akijigusa kifua.

"Uko na mutoto kwako. Bénie. Alimuleta Mwalimu Octave." Aliona uso wake ukibadilika, akaharakisha maneno, kana kwamba mbio zingesaidia. "Mimi njo baba yake. Nimeleta dawa. Iko hapa, tazama, makumi tatu."

Mama Lusenge aliitazama ile pakiti ya karatasi. Hakuipokea. Wale wawili wengine waliinamisha vichwa.

"Alienda ku Mungu Jumanne," alisema. "Tulimuzika jana. Tulimupa sanduku ya muzuri, papa. Tulimuvalisha nguo ya Lusenge."

Muyisa alisimama na mkono umenyooshwa. Akasema jambo la kijinga, ambalo baadaye lilimwamsha usingizini kwa miaka. Alisema: "Lakini vilibaki vitatu."

"Nini?"

"Vidonge. Kimoja kwa siku. Nilihesabu."

Ndipo mwanamke akaanza kulia, na akalia akisema, bila kujificha. Mtoto alikuwa akinywa kimoja kila jioni, kweli, kwa adabu. Lakini siku moja aliugua homa ya kweli, homa ya malaria, akaanguka akitoa povu. Mama Lusenge hakuwahi kuona kitu hicho kwa karibu. Alidhani dawa ni ndogo. Akampa viwili. Mtoto alipoanguka tena, akampa vitatu. Alitulia, akalala sana, na yeye akafurahi, akaendelea kumpa vitatu vitatu. Wiki iliyopita vikaisha. Jumapili akaanza kuanguka, Jumatatu tangu mvua ya mawe hakuamka vizuri, akawa anaanguka juu ya kuanguka.

"Haukumupeleka ku hôpital?"

"Jumanne tulimubeba. Alikatika mu njia."

"Na mbele? Haukuuliza mutu ile dawa ni ya nini?"

Mama Lusenge alifuta uso kwa kitenge. "Nilitaka kuuliza. Ile Ijumaa nilikuwa kwa Zorobabel mu mustari, na Jumatatu pia, na beseni yangu, juu ya ile kazi yenu ya paroisse. Ba mama balikuwa bengi, nikasema nitabauliza: mutoto akiangukaka hivi, ni dawa gani? Nikafungua kinywa. Kisha nikawaza, bakijua niko na mutoto wa kuanguka mu nyumba, nani atacheza tena na Lusenge? Nani atanunua maandazi yangu? Nikafunga kinywa." Alimtazama. "Na weye ulikuwa pale, papa. Ulikuwa ku dirisha, mukono ndani ya machine. Nilikuona."

Naye alimwona, bila shaka. Aliwaona wote wale wanawake, siku sita, kama mtu anavyoona mihogo. Hatua nne hivi kati ya dirisha na mstari. Muyisa alitaka kumchukia mwanamke huyu na hakupata pa kuanzia. Kila neno alilotaka kumrushia lilikuwa la kwake mwenyewe.

Walimwonyesha kaburi. Lilikuwa fupi, udongo bado mbichi. Alipiga magoti akakaa hapo mpaka baridi ya jioni ilipoanza kushuka, baridi ile aliyoifuata kutoka Beni, na ikamtafuna mgongo maana sweta ilibaki kwa askari. Mama Lusenge alimletea kile kitambaa cha kiunoni, kimefuliwa na kukunjwa.

Aliporudi, mota ya Zorobabel ilikuwa bado inalia. Hawakujua. Kwa kuwa hakuna aliyewaambia mashine haihitaji umeme tena, wanawake walikuwa wameendelea kusimama, beseni kwa beseni, wakilinda umeme wa watu wa parokia. Walipomwona wakaanza tena vigelegele, kisha vikakatika kimoja kimoja, wa mbele kwanza, kadiri uso wake ulivyowafikia. Anne-Marie aliona kitambaa mkononi mwake, akakaa chini barabarani.

"Ba mama," Muyisa alisema. Aliinua kile kitambaa. "Ba mama, muzime. Murudie ku nyumba. Haikukuwa kazi ya paroisse. Ilikuwa mutoto yangu. Alipotea mu vita, alikuwa hapa Vulamba, nyuma ya kapela. Alikuwa na kifafa."

Neno lile, aliloliogopa miaka mitatu, lilipita katikati ya mstari na hakuna aliyerudi nyuma. Mwanamke mmoja alitua beseni chini. Mwingine alisema, taratibu, kwamba hata wa kwake anaangukaka. Wa tatu akasema wa dada yake, kule Bulengera, anakunywa vidonge vyeupe. Kisha mwanamke mzee kuliko wote, mwenye fimbo, aliyesimama na beseni lake kila siku tangu Alhamisi ya kwanza, akasogea mpaka mbele yake.

"Tulisimama hapa siku sita, mwana wangu," alisema. "Juu ya nini haukutuambia?"

Zorobabel alizima mota ili asikie jibu. Ndani ya nyumba mashine ikazimika nayo, na majina yale mengine arobaini na mawili yakatoweka kwenye kioo. Muyisa alifungua kinywa. Kesho yake asubuhi alitakiwa kushuka Beni, kwa mwanamke aliyekuwa ameomba ruhusa ya kuuliza.